Rejesho likikwama, mwenyekiti wa kikoba aingilie lini?

Mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, akikosa rejesho la mkopo, kikao hugawanyika hapohapo. Wapo wanaotaka asimamishwe mbele ya wote na apigwe faini siku hiyohiyo, na wapo wanaosema mwenzetu tunamfahamu, apewe wiki mbili. Mwenyekiti hubaki katikati, na mara nyingi huamua kwa kuangalia ni nani aliyekwama. Angeanza na daftari la mikopo, kwa kuwa haraka ya kuchukua hatua inategemea zaidi mkopo umefika wapi.

Tuchukue mfano. Mwanachama ana hisa, yaani akiba yake kikundini, za shilingi 200,000. Vikundi vingi huruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo anachukua 600,000. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mkopo mzima atarudisha 660,000, yaani 55,000 kila wiki kwa wiki 12. Wadhamini ni wawili, kila mmoja ana hisa za 150,000. Mambo yakiharibika, kinachoweza kukatwa kwa wote watatu ni 500,000. Akikwama baada ya rejesho moja tu, deni ni 605,000, na 105,000 haina pa kushikwa. Akikwama baada ya marejesho matatu, deni limeshuka hadi 495,000: wadhamini wataumia, ila sanduku la fedha za kikundi litabaki salama. Akishalipa mara tisa anadaiwa 165,000, na hisa zake mwenyewe zinatosha.

Kwa hiyo rejesho lililokosekana wiki ya pili halilingani na lililokosekana wiki ya kumi, hata kama katiba ya kikundi inatoza faini ileile. La wiki ya pili lisilale. La wiki ya kumi linaweza kuvumiliwa bila hasara kubwa. Cha ajabu ni kwamba vikundi vingi hufanya kinyume: mkopo ukiwa mpya watu huona aibu kudai, ukikaribia kuisha ndipo sauti hupanda.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inasimama tu kama wadhamini wenyewe hawana mikopo na hawajamdhamini mtu mwingine. Kwa kawaida wanachama wawili watatu wenye akiba nono ndio waliodhamini nusu ya kikundi. Katibu anayeandika jina la mdhamini bila kufungua ukurasa wake wa hisa na mikopo hajaandika dhamana yoyote.

Wanaotetea subira wana hoja nzito. Chukua mchuuzi wa dagaa jijini Mwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika kwa sababu taa haiwavuti vizuri. Mvua nazo huharibu dagaa walioanikwa. Mchuuzi huyo akikosa wiki mbili mfululizo, huenda biashara yake ni nzima kabisa. Kumtia shinikizo wakati huo humsukuma kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Rejesho litafika kwa wakati, daftari litapendeza, mwenyekiti ataridhika, na baada ya mwezi mtu huyo atakuwa na madeni mawili badala ya moja. Hapa kosa lilifanyika siku ya kutoa mkopo: ratiba ilipangwa kwa wiki wakati kipato chake hufuata mwezi wa angani.

Wanaotetea ukali nao hawakosei. Kikundi cha watu 25 hutazamana. Mmoja akikosa wiki mbili bila kuulizwa, wa pili huona rejesho lake nalo linaweza kusubiri. Isitoshe, mwanachama huanza kuyumba kabla ya kukosa rejesho. Aliyekuwa akinunua hisa tano kila kikao anashuka hadi moja. Anaanza kumtuma jirani alete pesa. Anaomba msaada wa mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana kwenye shida, siku chache kabla ya tarehe ya kulipa. Dalili mbili zikikutana, mwenyekiti asingoje daftari limwambie.

Njia inayobeba hoja za pande zote mbili ni kutenganisha kuuliza na kuadhibu. Kuuliza kufanyike ndani ya siku mbili, faraghani, kwa simu au ana kwa ana, na swali la kwanza liwe nini kimetokea. Wiki ya pili waitwe wadhamini, ratiba mpya iandikwe na wote watie saini. Wiki ya tatu bila malipo, hisa zikatwe kwa mujibu wa katiba, kikaoni, mbele ya wanachama. Kwenda nyumbani kwa mtu kikundi kizima na kubeba televisheni kunaweza kuwageuzia kesi ninyi wenyewe. Mvutano ukizidi, mwiteni afisa maendeleo ya jamii. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili wake hupitia halmashauri.

Subira hii ina mipaka miwili. Wa kwanza ni mwisho wa mzunguko, wakati wanachama wanapogawana akiba na faida. Mkopo wa miezi mitatu usitolewe ikiwa imebaki miezi miwili kabla ya kugawana, na anayekwama wiki sita kabla ya mgawo apangiwe ratiba wiki hiyohiyo.

Wa pili ni sanduku lenyewe. Mweka hazina hutangaza salio mwisho wa kikao, na kikao kinachofuata huanza kwa kuhesabu. Fedha zikipungua, hakuna kutoa mkopo siku hiyo. Wahesabu fedha wahesabu upya, kisha vitabu vya wanachama vilinganishwe na daftari kuu, kimoja kimoja. Mara nyingi huonekana faini iliyoandikwa bila kulipwa, au mkopo uliotolewa baada ya daftari kufungwa, kwa hiyo mtu asitajwe kabla kazi hiyo haijaisha. Lakini iishe hapohapo, watunza funguo wote watatu wakiwepo. Mwenyekiti anayesema tutaliangalia nyumbani ameshawapa wanachama sababu ya kumshuku hata yeye.

Na kama aliyekwama ni mwenyekiti mwenyewe, au mumewe au mkewe, kiti akipishe kwa shauri hilo na katibu aliendeshe. Katiba nyingi za vikoba hazina kifungu hiki. Kiingizwe mwanzoni mwa mzunguko, wakati hakuna anayedaiwa.