Karakana na makazi chini ya paa moja: hoja ya fundi na hoja ya benki

Watu wengi wa kazi za mikono, wachomeleaji, mafundi magari, maseremala, wana ndoto moja inayofanana. Kiwanja kimoja, jengo moja kubwa la chuma, upande huu karakana, upande ule chumba cha kulala na jiko na bafu, basi hapo ndo nyumbani. Hoja yao inaeleweka kabisa, kwa nini ujenge misingi miwili, upaue mara mbili, ulipie laini mbili za umeme alafu bado kila asubuhi utoke kwenda kazini wakati kazi yenyewe ungeweza kuifikia kwa kufungua mlango? Wanaopinga nao wana yao, wanasema benki itakukatalia, familia itavuta moshi usiku kucha na siku ukitaka kuuza hutapata mtu. Mi nimefuatilia haya mambo muda mrefu sasa na naona pande zote zina ukweli, ila wanabishana kuhusu jengo wakati shida kubwa iko kwenye ule ukuta wa katikati, nitafika huko.

Tuanze na hela maana ndo panapokwama. Benki haichukii chuma wala haimchukii fundi, inajiuliza swali moja tu, huyu akishindwa kulipa hili jengo tutamuuzia nani na kwa bei gani. Nyumba ya vyumba vitatu mthamini anaijua, anatafuta zingine za aina hiyo zilizouzwa karibuni maeneo ya jirani, analinganisha, anaandika namba yake anaondoka. Sasa akifika kwako akakuta karakana ya mita za mraba 200 na makazi ya mita 50 yamebanwa kwenye kona, hana cha kulinganisha nacho, na mthamini akikosa cha kulinganisha anashusha, ndo usalama wake. Chukua mfano rahisi, jengo linakugharimu 100, yeye kaandika 70, benki inakopesha asilimia 80 ya alichoandika mthamini sio ya ulichotumia wewe, kwa hiyo unapata 56. Ulikuwa umejiandaa kutoa 20 mfukoni, sasa unatakiwa utoe 44. Miradi mingi inafia hapo kabla hata zege halijamwagwa, na mtu anabaki akisema benki imembagua wakati hesabu ndo ilivyo.

Marekani, ambako majengo haya yameshika sana vijijini na yana jina lake kabisa, bandominiamu, mkwamo ni huohuo. Benki nyingi kule zikishakopesha zinauza ule mkopo kwa Fannie Mae au Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba toka kwenye benki, na Fannie Mae anataka mali iwe ya makazi kwa asili yake, sio sehemu ya kazi yenye kitanda. Ndo maana wengi wanaishia kwenye benki ndogo zinazobaki na mkopo zenyewe bila kuuuza, au kwenye Farm Credit, mtandao wa wakopeshaji wa kilimo na vijijini ulioanza 1916, hao jengo kubwa la chuma shambani sio kitu kigeni kwao. Funzo ninaloliona hapo ni kwamba kabla ya kutafuta riba ndogo tafuta kwanza mkopeshaji ambaye ameshawahi kukopesha jengo kama lako, hata mmoja tu.

Kitu kingine watu hawaambiwi ni jinsi hela ya ujenzi inavyotoka. Haitoki yote kwa mkupuo, inatoka kwa awamu, msingi ukiisha mkaguzi anakuja anaangalia ndo unapewa, boma likisimama anakuja tena. Hilo lina faida kwako, maana kwa kawaida wakati wa ujenzi riba unalipia kile tu ulichokwisha kuchukua. Lakini wauza majengo ya chuma wanataka malipo ya awali kabla hawajakata hata nguzo moja, na benki inalipa kazi iliyokwisha kufanyika, kwa hiyo hapo katikati kuna shimo ambalo ni wewe utalijaza kwa hela yako. Alafu fundi akisema najenga mwenyewe kupunguza gharama, benki nyingi zinarudi nyuma, zinataka kontrakta mwenye leseni hata kama wewe unajua kuchomelea kuliko yeye. Hiyo inauma, naelewa, ila wao wameshaona majengo mengi yaliyosimama nusu kwa sababu mwenyewe alipata kazi ya mteja akaacha yake.

Wapo wanaosema basi achana na benki, jenga kwa hela ya mfukoni mdogomdogo. Nawaunga mkono nusu. Huna riba, hudaiwi na mtu, na jengo likishaisha kabisa, lina kibali cha kukaliwa na jiko lake na bafu lake, mkopo wa kuliweka dhamana unapatikana kwa urahisi zaidi kuliko wa kulijenga. Ila kinachowaponza ni kuamini kwamba boma la chuma ndo nyumba. Boma ni rahisi kweli, linasimama haraka, wiki chache unaona paa na kuta na moyo unafurahi, kumbe finishi ndo inayokula. Mabomba, waya, madirisha, insulesheni ya kuzuia joto na baridi, shimo la maji taka, makabati ya jiko, vyote hivyo bei yake haishuki eti kwa sababu kuta za nje ni za bati. Mita ya mraba ya makazi ndani ya jengo la chuma inakaribia kugharimu sawa na ya nyumba nyingine yoyote, unachookoa ni kwenye ile sehemu ya karakana tu.

Na bati lina tabia zake. Nililala usiku mmoja kwa jamaa yangu aliyehamia kwenye jengo lake akiwa hajaweka insulesheni, alikuwa na haraka. Usiku ulikuwa wa baridi, ndani tumepika, watu wanne tunapumua, na kabla hakujapambazuka nikasikia tone limeanguka kwenye shuka, alafu lingine kwenye bega. Nikadhani mvua. Nikatoka nje, ardhi kavu kabisa. Ulikuwa mvuke wetu wenyewe, hewa ya joto yenye unyevu inapanda inagusa bati baridi inageuka maji, na lile bati kwa ndani lilikuwa limejaa matone utadhani limenyunyiziwa. Povu la kupuliza linalogandamana na bati linazuia hilo, au kizuia mvuke kilichowekwa vizuri upande wa ndani na hewa ya kupita, lakini lazima liwe kwenye bajeti toka siku ya kwanza.

Ila maji yanakauka, moshi ndo unaua, na hapa ndo kwenye ule ukuta. Gari likiwashwa upande wa pili linatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu aliyelala haamki. Ukichomelea chuma kilichopakwa zinki moshi wake unaweza kuleta homa kabisa usiku wake. Mtu anaweka mbao nyembamba katikati anaita ukuta, mlango wa chumba cha kulala unafungukia kwenye karakana, kwangu hapo sina mizani, ni kosa tu. Kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinakataza kabisa gereji kufungukia moja kwa moja chumba cha kulala, zinataka bodi ya jipsamu isiyopungua milimita 12.7 upande wa gereji, mlango wa kupita uwe wa mbao imara au chuma wa milimita 35 hivi au unaohimili moto dakika 20, na mifereji ya hewa ya nyumba isiwe na tundu ndani ya gereji. Hizo ziliandikwa kwa gereji ya kuegesha gari. Kwa karakana yenye mitungi ya gesi na makopo ya thina mi ningezidisha, na vitambuzi vya kaboni monoksaidi ningeweka nje ya kila chumba cha kulala.

Bima nao wanauliza swali hilohilo. Ukikata bima ya nyumba ya kawaida bila kuwaambia kwamba upande wa pili unapokea magari ya wateja, moto ukianzia kule wanaweza kukataa kulipa, hata kama kilichoungua ni vitanda vya watoto. Waambie mapema, utalipa zaidi kidogo lakini utalala.

Kwa hiyo mi niko upande wa wanaojenga, ila sio kwa mpango wa kona. Makazi yachorwe kama nyumba kamili, vyumba, madirisha ya kutokea wakati wa hatari, mlango wake wa mbele unaoangalia barabara, na karakana ifuate. Mkopo ubebe nyumba na gamba la jengo, lifti ya magari na mashine zisubiri hela ya kazi, ila zege la pale zitakapokaa na mabomba yaliyo chini yake yapangwe sasa hivi maana kulivunja baadaye ni mateso.

Yule jamaa yangu alirudia mwishowe. Alihamisha vyumba mwisho wa jengo, katikati akaweka stoo na bafu, ukuta wa tofali hadi juu kwenye paa, mlango mzito mmoja tu unaojifunga wenyewe. Alifanya hivyo kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anakohoa. Mthamini wa kwanza alikuwa ameandika kwenye fomu "karakana yenye sehemu ya kulala", wa pili alipokuja akaingilia mlango wa mbele, akapita sebuleni, jikoni, vyumbani, akafungua ule mlango mzito akachungulia, akaandika "nyumba yenye karakana".