Nani airudishe Jumapili ya Marekani?

Gerald Groff alikuwa mpeleka barua wa vijijini katika jimbo la Pennsylvania. Alipoanza kazi mwaka 2012, Jumapili haikuwa siku ya kugawa barua. Mwaka uliofuata Shirika la Posta la Marekani likaingia mkataba na Amazon, na vifurushi vikaanza kusambazwa Jumapili. Groff ni Mkristo wa kiinjili, na kwake siku hiyo ni ya ibada na mapumziko, basi akakataa. Akahamia kituo kidogo cha Holtwood, ambako kazi ya Jumapili ilikuwa haijafika. Ikamfuata huko huko. Kila alipokosa zamu aliadhibiwa, na Januari 2019 akaacha kazi mwenyewe.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa, wahafidhina kwa waliberali, wakaafikiana: mwajiri hawezi kumkatalia mfanyakazi siku yake ya ibada kwa kisingizio cha usumbufu mdogo. Lazima aonyeshe kwamba kumkubalia kungemletea mzigo mkubwa kweli kwa kipimo cha biashara yake. Kesi ikarudishwa mahakama za chini ipimwe upya kwa kigezo hicho.

Naanza na Groff kwa sababu habari za Wamarekani wanaotaka kurudisha maadili ya nchi yao hutufikia zikiwa kelele tupu: mikutano ya kampeni, bendera, watu wanaosusia bia ya Bud Light kama ilivyokuwa mwaka 2023. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana haki ya kudhani kwamba harakati nzima ni hasira. Sehemu yake ni hasira kweli. Lakini ipo sehemu nyingine, ya watu wa kawaida na wenye maduka wanaoamua jambo moja na kulilipia kwa mfuko wao. Hiyo naona haijatendewa haki.

Jumapili ni mfano mzuri, maana ni kitu ambacho Wamarekani walikuwa nacho wakakipoteza. Bunge lao liliamua mwaka 1912 kwamba posta zifungwe Jumapili, na majimbo mengi yalikuwa na sheria za kuzuia biashara siku hiyo. Nyingi ya sheria hizo zilifutwa moja baada ya nyingine. North Dakota iliondoa katazo lake la kuuza bidhaa Jumapili asubuhi mwaka 2019 tu. Kilichobaki, karibu kila mahali, ni hiari.

Na hiari ina bei. S. Truett Cathy alifungua mgahawa wake Hapeville, Georgia, mwaka 1946. Alikuwa akihudumia wateja usiku na mchana, akachoka, akaamua Jumapili apumzike yeye na wafanyakazi wake, na anayetaka kwenda kanisani aende. Mgahawa huo ndio uliozaa Chick-fil-A, na hadi leo matawi yake hayauzi kuku Jumapili. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kwa sababu inashangaza: Jumapili 52 kwa mwaka, kwa miaka saba, ni siku 364. Yaani kila baada ya miaka saba kampuni hii imeacha mauzo ya karibu mwaka mzima. Tangu 1946 ni zaidi ya miaka kumi na moja ya milango iliyofungwa, katika biashara ambayo wikiendi ndiyo mavuno. Hata hivyo, mwaka 2023 mgahawa wake wa kawaida, ule usio ndani ya jengo la maduka, uliuza kwa wastani wa zaidi ya dola milioni 9, zaidi ya mara mbili ya mgahawa wa McDonald's unaofunguliwa siku saba.

Wapo wanaoichukua takwimu hiyo kuwa ushahidi kwamba uadilifu unalipa. Mimi naiogopa tafsiri hiyo. Kama Jumapili inatunzwa kwa sababu inaleta faida, siku faida itakapokata itafunguliwa. Cha maana ni kwamba uamuzi ulichukuliwa mwaka 1946, wakati hakuna aliyejua kama utalipa.

Hobby Lobby, maduka ya vifaa vya sanaa na mapambo ya nyumbani, nayo hufunga Jumapili, na siku nyingine hufunga saa mbili usiku ili wafanyakazi wawahi familia zao. Januari 2022 ilipandisha mshahara wa chini wa wafanyakazi wa muda wote hadi dola 18.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 tangu 2009. Mtu anayesema mapumziko na familia ni tunu, kisha akamlipa keshia mshahara unaomruhusu kupumzika, huyo namsikiliza.

Wakosoaji nao wana hoja nzito. Hobby Lobby hiyo hiyo ilishinda kesi mwaka 2014, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaruhusiwa kutolipia baadhi ya njia za uzazi wa mpango katika bima ya wafanyakazi wake. Imani ya mwenye duka iliamua bima ya mwanamke ambaye pengine haishiriki imani hiyo. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3 na kusalimisha maelfu ya vitu vya kale kutoka Iraq vilivyoingizwa Marekani kinyume cha sheria. Chick-fil-A nayo iliwaumiza wengi mwaka 2012 kwa kauli na michango ya kupinga ndoa za jinsia moja. Anayeinua bendera ya maadili hukaguliwa kwa ukali kuliko wengine, na ni haki.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni ya ushindani. Kampuni tajiri inaweza kufunga. Mwenye duka dogo akifunga, jirani yake anachukua wateja. Ndiyo maana kaunti ya Bergen, New Jersey, bado inakataza maduka ya nguo na samani kuuza Jumapili, na wakazi wamepiga kura kuitunza sheria hiyo. Wengi wanaoitetea leo wanazungumzia foleni za magari kuliko Biblia: wanataka siku moja ya utulivu, na wanajua kwamba bila sheria hakuna atakayethubutu kuwa wa kwanza kufunga.

Naielewa hoja hiyo, lakini namkumbuka Abraham Braunfeld. Alikuwa Myahudi wa Philadelphia aliyeuza nguo na samani, akifunga Jumamosi kwa ajili ya Sabato yake. Sheria ya Pennsylvania ikamlazimisha afunge na Jumapili. Akalalamika kwamba siku mbili zitamuua kibiashara, na mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Hapo ndipo maadili ya wengi yanapogeuka mzigo wa wachache. Cathy alipofunga, hakumfungia Braunfeld.

Ndiyo sababu naipenda njia ya Groff kuliko ya Bergen. Waliomuunga mkono mahakamani hawakuwa wainjili pekee: Waadventista Wasabato walikuwamo, na pia Wayahudi, Waislamu na Masingasinga. Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Marekani hili si jambo la mbali. Desemba 2015, katika kiwanda cha nyama cha Cargill huko Fort Morgan, Colorado, wafanyakazi Waislamu wapatao 150, wengi wao Wasomali, walifukuzwa baada ya mgogoro wa muda wa swala. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza shauri hilo. Leo Mkenya Msabato anayefanya zamu katika nyumba ya wazee, au Mzanzibari wa ghala la vifurushi anayetaka nafasi ya swala ya Ijumaa, anasimama juu ya kigezo alichokipigania mpeleka barua Mkristo wa kijijini.

Wenzake Groff nao wasisahauliwe. Holtwood ilikuwa na watu wachache, na kila Jumapili aliyokosa yeye, mwingine alibeba vifurushi vyake, wakati mwingine mkuu wa kituo mwenyewe. Hao nao walikuwa na watoto na makanisa. Anayewatetea ana haki kuuliza kwa nini imani ya mmoja ilipiwe kwa Jumapili ya mwenzake. Lakini lawama hiyo naiona imepewa mtu asiyestahili. Groff hakutia saini mkataba wa Amazon. Shirika lililouza siku ya saba ndilo lililopaswa kutafuta watu wanaoitaka zamu hiyo, na kuwalipa vya kutosha waitake.