Wastani haumezi vidonge

Juzi nilimsikiliza mtafiti akiwasilisha matokeo ya dawa mpya, na mpaka sasa sijatulia. Mchoro wake ulipendeza: baada ya dozi, QT ya washiriki (muda wa umeme wa moyo tangu pigo linapoanza hadi moyo unapokuwa tayari kwa pigo linalofuata) ilirefuka kidogo tu kwa wastani, chini kabisa ya kikomo. Lakini juu kule, mbali na wenzao, palikuwa na nukta chache zilizopaa. Mtu akauliza hao ni akina nani. Akajibiwa kwamba ni wachache na hawabadilishi hitimisho, slaidi ikasogezwa, tukaendelea.

Kila nukta pale ni mtu. Damu yake imechukuliwa, imo kwenye friza. Kujua kama vinasaba vyake vinamfanya aivunje dawa ile polepole ni kazi inayowezekana kabisa, na hakuna aliyeifanya.

Tunaofuatilia mambo haya tunajua somo hili lilivyopatikana kwa gharama kubwa. Terfenadini ilikuwa dawa ya mzio tu. Kwa kawaida CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa mwilini, huibadilisha karibu yote kuwa feksofenadini kabla haijasambaa mwilini. Mtu akiimeza pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi, kimeng'enya hicho kinazuiwa, terfenadini yenyewe inabaki kwenye damu, inaziba njia za potasiamu kwenye misuli ya moyo, moyo unachelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, yaani QT inarefuka, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Watu walikufa kwa dawa ya mafua ya mzio. Ilitoka kwenye soko la Marekani mwaka 1998. Somo lilikuwa wazi tangu siku hiyo: anayepatwa na balaa ni yule ambaye dawa imemzidi kwenye damu.

Mwaka 2005 ukaja ICH E14, mwongozo wa kimataifa wa kupima athari za dawa kwenye QT, na nguvu zote zikaelekezwa kwenye wastani. Dawa huhesabiwa kuwa haina tatizo ikiwa mpaka wa juu wa makadirio ya urefukaji wa wastani haufiki milisekunde 10. Tuangalie milisekunde 10 ni nini. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikienda milimita 25 kwa sekunde, kimraba kidogo kimoja cha milimita moja ni milisekunde 40. Kwa hiyo tunatafuta robo ya milimita. Na mkia wa wimbi la T, ambapo QT huishia, haukatiki wazi kama kwenye vitabu. Unateremka taratibu, pengine unapokewa na wimbi dogo jingine, la U, na wasomaji wawili wazoefu wataweka alama zao sehemu mbili tofauti. Hapo nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila watu wengi na ECG nyingi hutaona kitu kidogo kiasi hicho. Wastani una kazi yake.

Kuna na hili la fomula. Bazett na Fridericia walitoa zao mwaka 1920, wote wakitaka kurekebisha QT kulingana na kasi ya mapigo. Chukua mwanamume mwenye mapigo 100 kwa dakika na QT ya milisekunde 360. Kwa Bazett anapata 465, amevuka kikomo cha 450 cha wanaume, ana alama nyekundu. Kwa Fridericia anapata 427, yuko salama. Moyo ni uleule, karatasi ni ileile. Kwamba mapigo yakiwa ya kasi Bazett hutia chumvi limejulikana miaka mingi, na bado mashine nyingi zinamtanguliza yeye. Inachosha.

Lakini kinachoniuma hasa ni zile nukta. E14 inataka wahesabiwe ambao QT yao imevuka milisekunde 500, na ambao imerefuka kwa zaidi ya 60. Vizuri, wanahesabiwa. Ila kuhusu vinasaba vyao, mwongozo unasema tu kwamba kwa ambaye QT yake imerefuka mno upimaji ufikiriwe. Ufikiriwe! Kwa nini usiwe lazima, wakati sampuli ipo na mshiriki ameshatoa ridhaa?

Maana inawezekana. Waliochunguza efavirenzi, dawa ya VVU, na QT waliwachukua watu 58 wenye afya, wakahakikisha makusudi kwamba ndani yao wamo wenye aina mbalimbali za kinasaba cha CYP2B6, kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Baada ya siku 14 za miligramu 600 kwa siku, kilele cha dawa kwenye damu ya wenye nakala mbili za *6, aina dhaifu, kilikuwa mara 2.25 ya kile cha wenye mbili za *1, aina ya kawaida, na QT ilirefuka kadiri dawa ilivyozidi kwenye damu. Huo ndio utafiti. Daktari akisoma hapo anajua amwangalie nani. Tungewachanganya wote tukatoa namba moja, wale wa *6 wangemezwa na wenzao.

Mifano mingine ipo kwenye maelezo rasmi ya dawa: thioridazini, dawa ya magonjwa ya akili, hairuhusiwi kupewa mtu anayejulikana kuwa CYP2D6 yake, kimeng'enya kingine cha kuvunja dawa, ni dhaifu, na sitalopramu, dawa ya sonona, isizidi miligramu 20 kwa siku kwa ambaye kimeng'enya chake cha CYP2C19 hakifanyi kazi.

Najua nitakachojibiwa. Vinasaba si kila kitu. Potasiamu ikishuka moyo unayumba hata kwa mwenye vinasaba safi, wanawake wako kwenye hatari zaidi, na mtu mwenye CYP2D6 nzima akitumia fluoksetini, dawa ya sonona inayozuia kimeng'enya hicho, anaweza kugeuka kuwa mvunjaji wa polepole. Kweli tupu. Basi yote hayo yaandikwe pembeni ya kila nukta, pamoja na kiwango cha dawa kwenye damu saa ile ile ECG ilipochukuliwa.

Na kwenye vipimo vyenyewe vya vinasaba kuna jambo moja linalonikera vilevile. Maabara isipotafuta CYP2D6*17, ambayo ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na hupunguza nguvu ya kimeng'enya, huenda isiandike wazi kwamba haikutafuta. Mtu anaandikiwa *1, yaani mzima, na dozi inapangwa juu ya jibu hilo. Kila karatasi ya majibu inapaswa kutaja ni aina zipi zimetafutwa na zipi hazikutafutwa, tena kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya neno lolote kuhusu dozi.