Kabla Hujakaza Mkanda wa Pua

Siasa zikipamba moto hapa kwetu, kila mtu anataka kushika hatamu. Hatamu za chama, hatamu za kaunti, hatamu za taifa. Mimi kazi yangu ni farasi, kwa hiyo nikisikia maneno hayo huwaza ncha ile nyingine, ambayo wanasiasa hawaitaji: hatamu imefungwa kwenye lijamu, lijamu ni chuma, na chuma kimelala juu ya ulimi wa mtu. Samahani, wa farasi.

Mwezi Julai mama mmoja aliniita nyumbani kwake, mtaa wa Karen, Nairobi. "Mwalimu, huyu farasi wangu ameharibika tabia," akaniambia. Anaachama akipandwa. Anapitisha ulimi juu ya lijamu. Anasaga meno mpaka watu wa nje ya uzio wanageuka. Mkononi alikuwa na mkanda mpya wa pua, wa aina ile yenye kamba ya pili inayopita chini ya lijamu na kuufunga mdomo kabisa. Alitaka niukaze.

Sikuukaza. Watakaonikasirikia kwa hilo wapo, tena wengine ni walimu wenzangu, lakini msimamo wangu ni huu: tabia nyingi za mdomo tunazoziita mbaya ni majibu, na mkanda uliokazwa kazi yake ni kuzima jibu. Swali linabaki palepale, na farasi anabaki nalo mdomoni.

Hebu fikiria palivyo. Mbele kuna meno ya kukatia nyasi, nyuma kuna magego, na katikati pengo la ufizi mtupu. Lijamu linakaa kwenye pengo hilo. Ngozi ya pale ni nyembamba na chini yake ni mfupa. Ulimi nao ni mnene, umejaza nafasi karibu yote mpaka kwenye kaakaa. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikimwona mtu amenunua lijamu nene kama kidole gumba akidhani ndilo la upole. Kwenye mdomo mdogo, unene huo ni kama kutafuna kijiko siku nzima.

Halafu meno yenyewe hayatulii. Meno ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka, yakilika kwa kusagana. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayaliki sawasawa: ya juu hubaki na makali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Ukivuta hatamu, shavu linabanwa kwenye makali hayo. Ukikaza mkanda, umelibana hata kabla ya kuvuta.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye nyasi. Saisi wa pale, yaani mtunza farasi, mzee aliyekulia kwenye mabanda ya uwanja wa mbio wa Ngong, alilichukua lijamu, akalifumbata viganjani na kulipulizia pumzi kabla ya kumkaribia farasi. Hakuna aliyemwagiza. Nikaingiza kidole gumba kwenye kona ya mdomo, nikalivuta shavu taratibu, na mzee akamulika kwa simu. Kidonda kilikuwa pale ndani, kirefu kama ukucha wangu, kingo zake nyeupe. Yule mama akasema tu, "Wuui."

Daktari alikuja na tupa zake, akamchoma farasi sindano ya kumtuliza, akayalainisha makali. Harufu ya jino linalopigwa tupa ni kama ya ukwato unaounguzwa; ukishainusa huisahau. Kwa kawaida meno hukaguliwa mara moja kwa mwaka, na farasi mchanga hata mara mbili, kwa sababu kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu anang'oa meno ya utoto, na hicho ndicho kipindi tunachomfundisha kazi.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Kidonda kilipona, tukamrudishia lijamu baada ya wiki 3, naye akaachama vilevile. Nilipomtazama mzee saisi, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo: "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kijana."

Isitoshe, huyu alikuwa farasi wa mbio, kama walivyo wengi wanaopandwa Karen na Lang'ata. Uwanjani alifundishwa kwamba hatamu ikishikwa kwa nguvu, egemea chuma na uende. Sasa mpandaji anavuta ili asimame. Yeye anaongeza mwendo, kama alivyofunzwa, na sisi tunamwita mkaidi.

Basi nilimfanyia yule mama jambo moja. Nilishika lijamu kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikamwambia ashike hatamu na atembee nyuma yangu, kisha twende mchakamchaka. Kila alipokanyaga, chuma kiligonga vidole vyangu. Tak, tak, tak, hasa mkono wa kushoto. Tukabadilishana, akawa yeye farasi. Hatukuzunguka hata nusu ya uwanja kabla hajaliachia.

Sijitoi. Miaka ya nyuma, asubuhi ya mashindano, niliwahi kukaza mkanda mpaka tundu la mwisho kwa sababu farasi alikuwa anatoa ulimi na nilijua majaji wangemkata alama. Alitulia. Tulipata utepe. Jioni nilipomvua nikakuta damu kwenye povu. Siku hizi kipimo changu ni vidole viwili vipite kati ya mkanda na mfupa wa pua, kwa mbele, si pembeni penye nyama laini ambako vidole hupita hata mkanda ukiwa umebana. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, tangu 2025 linatumia kifaa maalumu kupima jambo hilohilo, kwa sababu vidole vya watu havilingani, na uaminifu wao vilevile.

Farasi wa yule mama sasa anafanya kazi siku 2 kwa wiki bila lijamu, na siku 2 akiwa na lijamu jembamba zaidi lililopandishwa tundu moja ili ulimi usipate njia ya kupita juu. Kusaga meno kumepungua sana. Kuachama kumebaki pale anapokata kona ya kushoto tu, na mzee saisi ameapa kwamba hiyo si ya mdomo, ni tandiko linamfinya bega. Jumamosi tunalifungua kuangalia.