Nafasi nne mbele ya duka la dawa

Mwenye duka akifunga mnyororo kwenye maegesho yake huitwa mchoyo kabla hajaulizwa sababu. Katika ubishi huu wa kama asiye mteja aruhusiwe kuegesha mbele ya duka, ambao jijini Dar es Salaam husikika zaidi kando ya njia za mabasi ya mwendokasi, wenye magari wana mtetezi katika kila kijiwe, na hoja yao inajulikana: nafasi iko wazi, gari lililosimama halimdhuru mtu, na kwa kuwa maegesho ya umma karibu na vituo ni haba, kumfukuza anayeacha gari ili apande basi kwenda Posta ni kumrudisha kwenye foleni ileile ambayo huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2016, ilikusudiwa kuipunguza.

Hoja hiyo ina uzito, ila inahesabu magari na kusahau saa. Chukua duka la dawa lenye nafasi nne. Mteja wa dawa hakai; anaonyesha cheti, analipa, anaondoka, na dakika 20 zinamtosha na kubaki. Gari lililoegeshwa saa 2 asubuhi na kuondolewa saa 11 jioni limekalia nafasi yake kwa saa 9, yaani zamu 27 za wateja. Tuseme theluthi moja tu ya zamu hizo ndiyo ingepata mtu: bado ni wateja tisa kwa gari moja, na yakiwa magari mawili nusu ya maegesho imekwenda kutwa nzima. Supamaketi yenye nafasi mia itameza magari kumi ya wapita njia bila kujua, lakini duka dogo halina pa kuyafichia. Tena hasara hii haiingii kwenye daftari lolote, kwa sababu aliyepunguza mwendo, akaona pamejaa, akaenda duka la mbele hakuacha alama. Mara nyingi huyo ndiye aliyekuja kwa gari kwa kukosa namna nyingine, akiwa na mtoto mwenye homa kiti cha nyuma. Na maegesho yenyewe, yanayoitwa ya bure, yamo ndani ya kodi ya pango, pevingi na mshahara wa mlinzi, hivyo anayeyalipia ni mteja kupitia bei ya dawa.

Kazi ya kuzuia huachiwa mlinzi, mwenye ringi la gari lililojazwa zege na kusimikwa bomba katikati, pamoja na kibao cha «Maegesho kwa wateja tu». Akisema, «Samahani bosi, unaingia dukani kwetu?» hujibiwa, «Narudi sasa hivi,» na hapo maneno yamemwishia, maana bosi huyo huenda ni mteja kweli, au ni rafiki wa tajiri wake. Wapo pia wanaonunua chupa moja ya maji asubuhi ili wasiweze kufukuzwa hadi jioni. Kwa sababu hiyo naona kibao cha «wateja tu» hakisaidii sana: kinamuuliza mtu yeye ni nani, wakati kinacholiumiza duka ni muda anaokaa.

Kufunga tairi minyororo ndiyo dawa inayowavutia wengi, na hapa siwezi kumfuata mwenye duka. England na Wales waliruhusu kampuni binafsi kufanya hivyo hadi zilipoanza kuwatoza watu fedha nyingi wakiwa hawana pa kukimbilia, na Oktoba 2012 sheria ikapiga marufuku ufungaji huo kwenye viwanja binafsi. Hata hivyo, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali faini ya pauni 85 kwa dereva aliyezidisha dakika 56 baada ya saa mbili za bure katika maegesho ya maduka huko Chelmsford, ikiona kwamba kuhakikisha nafasi zinapokezanwa ni haja halali, mradi masharti yalibandikwa wazi. Mwenye duka alinyimwa mnyororo, lakini haki ya kuweka muda alibaki nayo.

Kwa duka lililo ndani ya kiwanja chake, ningeanza na dakika 40 zilizoandikwa kwa herufi kubwa, na mlinzi mwenye daftari la namba za magari na saa za kuingia, ili aweze kuonyesha ukurasa badala ya kubishana. Kabla ya hapo ni haki pikapu ya mwenye duka na magari ya wafanyakazi wake yatafutiwe pengine, maana si mara chache hayo ndiyo yanayoshinda mlangoni.

Wenye magari wana hoja moja ngumu zaidi, nayo hawaitumii vya kutosha. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na aliyewahi kuona alama ya X nyekundu ukutani anajua maana yake. Maegesho mengi ya maduka yetu yamo ndani ya hifadhi hiyo. Mwenye duka aliye hapo anaweza kuomba nafasi kwa adabu, lakini hawezi kuizungushia mnyororo kama yake. Kutenga mbele ya duka la dawa nafasi za kusimama kwa nusu saa, pale palipo mali ya barabara, ni kazi ya mamlaka za barabara. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ingeweza kuanza na barabara zilizo chini yake.