Usiniulize gari linavuta kilo ngapi, niambie linabeba ngapi

Kila mwaka ikifika Mei, simu yangu huanza kuita. Watanzania wenzangu hapa Colorado wamekolea makaravani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa nyuma ya gari, na wengi wananijua kama mtu aliyekulia kwenye malori. Swali lao huwa moja: "Kaka, gari langu linavuta pauni 7,500. Nichukue karavani la ukubwa gani, na kiungio gani?" Jibu langu nalo ni moja, na sijaona aliyelifurahia. Achana kwanza na kuvuta. Niambie gari lako linaruhusiwa kubeba uzito gani, na lile tufe la chuma kule nyuma, linaloshika karavani, litaegemewa na uzito gani. Ukinipa hizo namba mbili, habari ya kiungio, yaani chuma kinachounganisha gari na karavani, tutaimaliza kwa dakika tano.

Mimi ni mtoto wa Mafinga, Iringa. Miaka ya tisini, shule zikifungwa, mjomba alinichukua niwe utingo wake kwenye lori la puling, lile lenye tela kamili nyuma linalovutwa kwa mkono wa chuma, Dar hadi Tunduma na kurudi. Mlima Kitonga tuliupanda kwa gia ya chini kabisa. Mimi nilitembea kwa miguu kando ya matairi ya nyuma, gogo mkononi, tayari kulisukumiza chini ya tairi gari likisita. Kwenye mizani tulikaa foleni hata usiku kucha. Karani akisema ekseli fulani imezidi, mjomba hakubishana. Tulifungua turubai, tukahamisha magunia ya mahindi, tukafunga, tukarudi kupima. Mahindi yalikuwa yaleyale na jumla ileile, ila yalikuwa yamelala pengine, na sasa tunaruhusiwa kupita. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimechoka, nimejaa vumbi, na nilidhani wanatusumbua tu.

Nyumbani uzito wa gari ni habari ya watu wengi. Kuna utingo anayekagua pini inayoshika tela kila mnaposimama, kuna mwenye mzigo, kuna mizani ya Mikese na ya Makambako. Siku hizi ipo pia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na kiwango cha kila ekseli. Tunailalamikia mizani, na foleni zake kweli zinaumiza. Lakini nimeishi mahali ambapo mtu wa kawaida hapimwi na yeyote, na nimebadili mawazo.

Huku nilinunua karavani lililokwisha kutumika, kwa leseni ileile ninayoendea kazini. Vituo vya mizani vipo barabarani, ila ni vya malori ya biashara. Mimi na wanangu tunapita. Muuzaji alichomeka tufe nyuma ya gari, akaunganisha waya wa taa, akanipa mkono, nikaondoka. Kila kitu kimeandikwa: kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwenye kitabu cha gari, kwenye chuma chenyewe cha kiungio. Ila hakuna wa kukusomea. Nami sikusoma.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda Wyoming kwa barabara ya I-25. Tulipounganisha karavani, matako ya gari yalishuka na taa za mbele zikaangalia juu. Nikaona hapana, hili limezidiwa. Nikahamisha baiskeli za watoto, boksi la vifaa na jokofu la mkononi, nikavipeleka nyuma kabisa ya karavani. Gari likanyanyuka, likakaa sawa, nikaridhika.

Tulipoipita Fort Collins upepo wa ubavuni ukaanza. Lori likatupita kwa kasi, na karavani likapiga mkia. Kwanza kidogo, kushoto na kulia, halafu kila mpigo ukawa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka kioo cha pembeni kikawa kinanionyesha ubavu mzima wa karavani. Nilitoa mguu kwenye mafuta. Breki ya gari sikuigusa, kwa sababu gari likipungua kasi ghafla tela nyuma yake huzidi kusukuma. Nilishika usukani ukae sawa, na kwa mkono mwingine nikabana swichi ya breki za karavani peke yake. Likavutika nyuma, likanyooka. Tukasimama pembeni ya barabara. Mke wangu hakusema neno kwa muda mrefu, na mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye mizani ya kituo cha malori. Yeyote anaweza kupima pale kwa dola kumi na kitu, na karatasi inakuonyesha kila fungu la ekseli peke yake. Nilipima na karavani, nikaliacha pembeni, nikarudi kupima gari peke yake. Karavani lote lilikuwa pauni 5,800, yaani kilo 2,630 hivi. Uzito uliokuwa ukiegemea tufe ulikuwa pauni 380 tu. Haifiki asilimia 7. Karavani la aina hii hapa Marekani linataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote iegemee tufe; chini ya hapo ni rahisi lipige mkia.

Mtu wa mkokoteni pale Kariakoo hahitaji karatasi kulijua hilo. Akipakia magunia nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inapaa na yeye ananing'inia. Akiyajaza yote mbele, yanamwelemea mabega. Anayapanga mpaka mikono imlalie viganjani kidogo, kiasi cha kuutuliza mkokoteni bila kumchosha yeye. Karavani la ekseli mbili za katikati ni mkokoteni uleule. Niliumia sana nilipowaza hivyo, maana nilikuwa nimehamisha magunia ya watu miaka yote ile halafu nikashindwa kuhamisha ya kwangu.

Nikarudisha vitu mbele. Tufe likaegemewa na pauni 700, kilo 318, kama asilimia 12. Kuyumba kukaisha. Lakini matako ya gari yakashuka tena, na hapa ndipo kiungio chenyewe kinapoingia. Karatasi ilionyesha ekseli ya mbele ya gari imeshuka kutoka pauni 2,980 hadi 2,620. Ya nyuma imepanda kutoka 3,340 hadi 4,400, wakati kibandiko kinasema mwisho wake ni 4,150. Angalia vizuri: karavani limeweka pauni 700, lakini ekseli ya nyuma imeongezewa 1,060. Zile 360 nyingine zimetoka mbele, kwa sababu tufe liko nyuma ya magurudumu na uzito ukikandamiza pale unainua pua ya gari. Ni pauni 360 zimetoka kwenye matairi yanayokata kona na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani mwepesi ule, ambao wengine wananiambia ni raha ya kuendesha, ni hatari.

Dawa yake ni kiungio cha kugawa uzito. Tufe linabaki, ila kwenye kichwa cha kiungio panachomekwa vyuma viwili virefu vya springi vinavyorudi nyuma chini ya mkono wa karavani na kubanwa pale kwa nguvu. Vinafanya kazi kama watu wawili walioshika mikono ya mkokoteni wakaiinua kwa pamoja: sehemu ya uzito inasukumwa mbele kwenye usukani, na sehemu nyingine inarudi kwenye magurudumu ya karavani. Baada ya kukifunga na kukirekebisha mara tatu, ekseli yangu ya mbele ilifika 2,880 na ya nyuma ikawa 4,010. Vingi vya aina hii vina pia msuguano unaozuia kuyumba, na kwa gari la familia linalovuta karavani la zaidi ya pauni 5,000 sioni sababu ya kununua kingine. Watengenezaji wengi wa magari wenyewe wanakitaka kwa uzito huo. Lakini hakitibu upakiaji mbaya. Aliyejaza vitu nyuma ya ekseli atayumba tu, hata kama kiungio chake ni cha bei ya ng'ombe wawili.

Wala hakiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Kibandiko cha mlango wangu kiliruhusu pauni 1,500, watu wakiwemo. Familia na mizigo ya ndani ya gari ni 760, uzito wa karavani unaoegemea tufe 700, kiungio chenyewe cha chuma 90. Jumla 1,550. Nilikuwa nimezidisha na gari linalotangazwa kuvuta 7,500, nikivuta 5,800! Tuliacha nyumbani jiko la nyama choma na viti vya chuma. Kwa hiyo rafiki anaponitajia namba ya kuvuta, huwa namwomba afungue mlango wa dereva anisomee kibandiko, na mara nyingi mazungumzo yanabadilika pale pale.

Mengine ni ya kusoma chuma kilichoandikwa. Tundu la mraba nyuma ya gari, ambamo kiungio kinachomekwa, likiwa la inchi moja na robo ni la vitela vidogo, kwa kawaida hadi pauni 3,500. Karavani la familia linataka tundu la inchi 2, na hata hilo lina kiwango chake bila springi na kingine pamoja na springi. Tufe liwe la kipimo kilichoandikwa kwenye kikombe cha karavani, kile kinacholifunika tufe, maana la inchi 2 ndani ya kikombe cha inchi 2 na 5/16 linaweza kuonekana limekaa, halafu likachomoka kwenye shimo la kwanza. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua kiwango chako. Wenye pikapu kubwa wana njia ya tatu, sahani ya kufungia kwenye bodi juu ya ekseli, ileile ya malori ya semi. Inatulia kuliko zote kwa kuwa uzito unakaa juu ya magurudumu, si nyuma yake, ila inalalia pikapu kwa asilimia 15 hadi 25 ya karavani zima. Walioko Uingereza na Ujerumani wasichukue namba zangu. Kule tufe ni milimita 50, uzito wa kuegemea ni mdogo zaidi, mara nyingi usiozidi kilo 100, na mwendo unabanwa na sheria: maili 60 kwa saa Uingereza, kilomita 80 au 100 Ujerumani. Wanaweza kuvuta na mkono mwepesi kwa sababu hawakimbii kama sisi.

Sitaki mtu anisome akadhani nyumbani tuko sawa. Mafinga ni nchi ya mbao, na matela ya trekta yanashuka kutoka msituni yamejaa kupita kiasi, watu wamekaa juu ya mbao. Tela la jirani yetu lilikuwa limepoteza pini, wakaweka kipande cha nondo kilichokunjwa. Kilidumu msimu mzima, watu wakakizoea. Siku moja katika kupanda kilima nondo ikakatika, tela likarudi nyuma peke yake hadi mtaroni. Waliokuwa juu yake waliruka na kupona. Hakukuwa na mnyororo. Ungekuwepo, lingening'inia kwenye trekta.

Huku mnyororo si hiari. Ni miwili, inapishanishwa chini ya mkono wa karavani, ili kikombe kikichomoka mkono udakwe juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Pembeni yake kuna kamba nyembamba ya waya. Karavani likikatika kabisa, kamba inachomoa pini ndogo na breki za karavani zinajifunga zenyewe. Ni kitu cha bei ndogo sana, na nikikiangalia naukumbuka mtaro ule.

Ningekuwa na uwezo, ningebadilishana. Wamarekani ningewapa mizani ya lazima, hata mara moja tu, siku mtu anaponunua karavani: apimwe amepakia, na familia yake ndani, akabidhiwe karatasi yenye ekseli zake. Kwetu ningepeleka minyororo miwili na pini halisi yenye kibanio kwa kila tela la shamba, na mtu wa kuzikagua. Hili la pili naliona jepesi kuliko la kwanza, kwa sababu kwetu mtu hakasiriki akiambiwa mzigo wake umekaa vibaya. Amezoea kuambiwa, na watu wanasogea kumsaidia kuupanga. Huku nimemwambia mtu kituoni kwamba karavani lake linaegemea nyuma, akanijibu kuwa ni mali yake.

Mpwa wangu kule Mafinga amenunua trekta mwaka huu, na tela lake limekuja na bolti mahali pa pini. Nakwenda Desemba. Begi linaruhusiwa kilo 23; nimeweka pini mbili, vibanio vyake, na minyororo miwili yenye ndoano. Nimelipima jana jioni, limefika 22 na nusu, na nguo zangu zitakwenda kwenye begi la mke wangu.