Nilifuata Simu Yangu Tu

Joho lile jekundu lilitoka kwenye belo langu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Oktoba 2024 nilifungua belo nikitegemea jaketi nzito, maana wateja wangu wakubwa ni vijana wa boda boda na baridi ya alfajiri haiwahurumii. Jaketi zilikuwemo, nne. Katikati yake likachomoza joho la kulalia, jekundu kama pilipili, lenye manyoya meupe shingoni na mikononi. Nikalitundika mbele. Likamaliza Oktoba, likamaliza Novemba. Watu walipita, wakalipapasa, wakaniuliza kama askofu amefariki.

Disemba mke wangu akaja dukani kuniletea chakula, akaliona, akaweka bakuli chini.

"Baba Zawadi," akasema, "kumbe Baba Krismasi tunaye."

Akina mama wa chama chake walikuwa wamechanga hela, wakanunua biskuti, penseli na maputo ya kuwagawia watoto wa mtaa jioni ya tarehe 24. Kilichopungua ni mgawaji. Nikajaribu kujitetea kwa dini. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa Mombasa, dereva wa lori, aliyefika hapa mpakani kusubiri karatasi za forodha kwa siku mbili na akazikwa hapa hapa. Lakini mama yangu ni Msamia, Mkatoliki, na mtu wa namna yangu kwenye sikukuu huwa ni wa wote. Idi nakula, Krismasi nakula. Mke wangu akanikumbusha hesabu ya sahani, nikanyamaza.

(Kwa sababu ya baba huyo ndiyo maana nyumbani tunazungumza Kiswahili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima shuleni, sisi wa mpakani tulitazamana tu. Hapa Msamia, Mteso, Mjaluo na Mganda wangepatana vipi bei ya nyanya?)

Siku yenyewe ikafika. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye amesomea saluni kwa miezi mitatu na hajawahi kupata mteja asiye ndugu, akajitolea kunipamba. Ndevu zilikuwa za pamba, na pamba ikabandikwa kwa uji wa unga wa muhogo, ule ule tuliokuwa tukibandikia tiara utotoni. Akanikalisha juani nikauke. Nilipokauka, ngozi ya mashavu ikavutwa kuelekea masikioni na midomo ikabaki wazi. Meno yote nje. Nikajaribu kusema "inatosha", ikatoka "ihahoha".

"Vizuri," akasema shemeji. "Baba Krismasi hucheka muda wote."

Kisha akakumbuka kwamba Baba Krismasi ni mzungu. Akachukua poda ya mtoto, akanimwagia uso mzima hadi kwenye kope. Alipoona nimepauka sana, akatoa wanja akanichorea nyusi, akatoa rangi ya mdomo akanizungushia mdomo, akarudi nyuma hatua mbili kama fundi anayekagua plasta. Zawadi, binti yangu wa miaka sita, alinitazama akasema nafanana na maiti iliyofurahi. Huyu mtoto huwa hasikilizwi.

Nikabebeshwa zawadi ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, kubwa nyeusi, maana gunia jeupe lilikuwa na mukene, dagaa wa huku.

Mpaka hapo bado nilikuwa mtu wa heshima. Tatizo likaja na mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kula sikukuu, na kwa mila za upande huo, mimi na yeye hatutazamani usoni wala hatukaribiani. Tunazungumza kupitia mtoto, hata tukiwa umbali wa kupeana chumvi. Nikamsikia kutoka jikoni:

"Zawadi, mwambie baba yako, akipita kule kwa mpasua kuni aniletee shoka langu. Kuni za kesho hazijapasuliwa."

Zawadi akanigeukia. "Baba, bibi anasema..."

Nimesikia. Mkwe akituma, unakwenda. Nikaenda kwa mpasua kuni nikiwa nimepita vichochoroni ili wateja wangu wasinione. Mzee wa watu alinikabidhi shoka bila kusema neno, kisha akafunga mlango kwa ndani. Nilidhani ni baridi.

Sasa simu. Nyumbani stima ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na simu nilikuwa nimeiacha kwenye kibanda cha video, ambako wana jenereta na wanachaji kwa shilingi 500. Kibanda kile kiko njiani. Nikajisemea, nazama, nachukua simu, natoka, dakika moja.

Kwa ambao hawajawahi kuingia kibanda cha video cha Uganda: ni banda la mabati na mbao, benchi za bila mgongo, mlango wa blanketi ili mwanga usiingie, na joto la watu 60 waliokaa mahali pa watu 30. Mbele kuna runinga, na pembeni ya runinga ameketi mfalme wa mahali pale, VJ, mwenye kipaza sauti. Kazi yake ni kufasiri filamu huku inaendelea. Kampala wanafasiri kwa Kiganda, na jina kama VJ Jingo linajulikana mpaka na bibi kizee ambaye hajawahi kuona sinema. Wa kwetu anafasiri kwa Kiswahili, kwa sababu ya madereva wa malori na tanboi wao. Pale asipoelewa, anatunga. Kusema kweli hutunga na pale alipoelewa. Na spika moja imefungwa nje, juu ya mlango, ili wapitao barabarani wasikie utamu waingie.

Nje palikuwa na ubao wa chaki. Ningeusoma ningeokoka. Uliandikwa: SAA 12 NA NUSU, KRISMASI YA DAMU, SEHEMU YA TATU, WATOTO MARUFUKU.

Jina hilo ni la kienyeji. Filamu yenyewe ni Terrifier 3, ya Mmarekani Damien Leone, iliyotoka kwenye majumba ya sinema mwezi ule ule wa Oktoba nilipofungua belo. Haya nimeelezwa baadaye na VJ mwenyewe, akiwa na plasta puani. Ina muuaji anayeitwa Art, naye ni chale, wale wachekeshaji wa sarakasi wanaojipaka rangi. Uso wake ni mweupe kama chokaa, nyusi za kuchorwa, meno nje muda wote. Kwenye sehemu hii ya tatu amevaa nguo za Baba Krismasi. Na filamu inaanza naye akiingia nyumba ya watu usiku wa sikukuu, watu wamelala, ana shoka.

Jambo jingine: hasemi. Tangu mwanzo hadi mwisho haongei neno. Anatabasamu tu. VJ wetu aliniambia hiyo kwake ilikuwa neema, maana muuaji asiyesema unaweza kumwekea maneno yoyote. Akambatiza Mzee Chokaa. Akampa na lafudhi ya Kimasaba.

Inasemekana filamu hiyo iligharimu kama dola milioni 2 na ikarudisha makumi ya milioni. Sijui waliotoa hela hizo walikuwa wanatafuta nini. Mimi niliiona dakika zisizofika moja, kwa nyuma ya vichwa vya watu, na sikulipa.

Giza lilikuwa linaingia. Jenereta inanguruma. Nilipofika mlangoni nikasikia spika juu ya kichwa changu: "Wazee, kimya! Huyu mtoto amesikia kishindo. Anadhani ni zawadi. Pole wee! Sasa Mzee Chokaa yuko wapi? Mimi simwoni. Nyinyi mnamwona? Tazameni mlangoni, wazee. Tazameni mlangoni!"

Nikafunua blanketi.

Vichwa 60 vikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na taa ya muuza chapati za rolex, zile za kuviringishia mayai, kwa hiyo wao waliona kivuli chekundu, kavera nyeusi begani, na lile shoka. Nami kwa adabu nikainua mkono kuwasalimu. Mkono niliouinua ndio uliokuwa na shoka.

Kukawa kimya. Kimya hicho nakikumbuka vizuri kuliko harusi yangu.

Nikasema, "Ni mimi, nimefuata simu." Ikatoka pumzi, na meno.

Aliyeanza ni dereva mmoja mnene aliyekaa benchi la mwisho, mtu ambaye baadaye aliapa kwamba alikuwa ametoka kukojoa. Alisimama, hakupiga kelele, akageuka akauelekea ukuta wa nyuma kana kwamba haupo. Na kweli baada yake haukuwepo. Bati lilifunguka kama kopo la samaki, na wote waliobaki wakamfuata kwenye tundu lile lile, benchi zikiwa miguuni mwao. Nikaona mtu akipita juu ya mabega ya wenzake kama anayeogelea. Nikaona kiatu kikiruka peke yake.

VJ alikuwa wa mwisho, amenaswa na waya. Kosa lake ni kwamba hakuachia kipaza sauti. "Wazee, huyu hayumo kwenye filamu!" akapaza. "Huyu ni wa kwetu! Ana shoka! Msiniache! Mamaaa!" Kisha akahamia Kisamia, na mtu akirudi kwenye lugha ya mama ujue mambo yameharibika. Akaanguka na pua yake juu ya meza ya kuchajia simu. Na yote hayo yalikwenda moja kwa moja kwenye spika ya nje, mtaa mzima ukasikia.

Nikatoka nikimbilie steji ya boda. Busia ndiyo iliyozaa hilo neno, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Jioni ile hapakuwa na boda ya kunivusha hata mtaro. Vijana niliowauzia jaketi kwa mkono wangu walinitazama ninavyokuja, wakaacha pikipiki zinanguruma. Mmoja aliruka ndani ya mtaro na abiria wake.

Halafu mwanamke mmoja, Mungu amsamehe, akapiga yowe: "Mwizi!"

Msomaji wa huku anajua neno hilo likitoka, mtu hajielezi. Ujasiri uliokimbilia kwenye tundu la bati ukarudi wote, umeshika mawe. Nikafunga breki, nikageuka, nikatimua mbio. Joho likanaswa kwenye msumari wa kibanda cha nyanya, likachanika kuanzia kiunoni. Ndani nilikuwa na kaptula ya mpira ya zamani, ambayo mke wangu amenikataza kuivaa tangu mtoto wa kwanza.

Kilichoniokoa ni kavera. Ilipasuka. Nikasikia nyuma yangu penseli zinamwagika, nikasikia pakiti za biskuti zinaanguka pa! pa! pa!, kisha nikasikia kitu nisichokitegemea: miguu inapunguza mwendo. Nilipotazama nyuma, wale wauaji wangu walikuwa wameinama. Mzee mmoja mwenye jiwe mkono wa kulia alikuwa anaokota biskuti kwa mkono wa kushoto. Wawili walikuwa wanagombania maputo.

Nikaingia uani kwetu kwa mbio hizo hizo. Watoto wa mtaa walikuwa wameketi kwenye mkeka, thelathini na kitu, wamenyamazishwa na kuahidiwa zawadi. Akina mama wa chama wamevaa gomesi zao. Wakamwona Baba Krismasi ameingia amechanika, mikono mitupu, poda imechanganyika na jasho, anahema kama ng'ombe wa kulima.

Watoto wakapiga makofi. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Walidhani ndiyo onyesho lenyewe, wakaomba nirudie kuingia.

Mimi sikucheka, kwa sababu mbele yangu, hatua mbili, alikuwa amesimama mama mkwe na sufuria. Miaka saba hatujawahi kutazamana. Tukatazamana. Akaanza na uso, akashuka kwenye kaptula, akabaki hapo kidogo, akarudi usoni. Halafu akageuka taratibu.

"Zawadi," akasema, "muulize baba yako, shoka liko wapi?"

Nikatazama mikono yangu. Sikujua nililiachia wapi.

Lilikuwa kibandani. Nilikwenda kesho yake mchana, nimenawa, nimevaa suruali mbili. Mwenye kibanda alikuwa amelitundika ukutani, juu ya runinga, karibu na lile tundu la bati ambalo ameniandikia hesabu yake. Simu yangu alinipa, akanidai shilingi 1,000, kwa kuwa imelala hapo siku mbili. Shoka akakataa kulitoa mpaka Januari. Nje, kwenye ubao wa chaki, aliyeandika alikuwa VJ, namjua mwandiko wake: LEO TENA KRISMASI YA DAMU, MZEE CHOKAA WA BUSIA ATAINGIA MWENYEWE, KIINGILIO KIMEPANDA.

Foleni ilikuwa imefika kwa muuza chapati. Yule dereva mnene alikuwa wa kwanza, amekuja na tanboi wake, na nilimsikia akimwambia wakae karibu na ukuta wa nyuma.